Tangi la Nusu Bei

Randburg, Ijumaa alasiri

Mghoi, mama yangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mamako amekusindikiza, na mimi nimebaki na nyumba tupu kwa saa kama tatu hivi. Sitakuandikia kuhusu kula vizuri wala kufunga mlango wala kupiga simu kila Jumapili. Hayo mamako amekwambia mpaka umeyakariri, na mengine ameyabandika kwenye kifuniko cha sanduku lako. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na moja.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole. Neno likikushinda muulize mamako, maana yeye ameshayajua haya yote tangu Jumatatu. Kiingereza ndicho ninachoandikia ripoti kazini, na kwenye ripoti nimezoea kulipanga jambo baya mpaka likaonekana la kawaida. Kwa Kiswahili sina ujanja huo.

Wiki iliyopita ulinikasirikia, na ulikuwa na haki. Nilimpigia simu yule mama atakayekupangisha chumba huko Cape Town, nikajifanya mteja mwingine, nione kama bei atakayonitajia mimi ni ile aliyokutajia wewe. Ilikuwa ileile. Ulipogundua ulisimama kwenye mlango wa jikoni ukaniambia, "Baba, wewe unadhani kila mtu ni mwizi." Halafu ukaongeza kwa Kiingereza kwamba inachosha kuishi na mtu kama mimi. Sikukujibu, ukadhani nimenuna. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Basi nianze na kazi yangu, kwa sababu hujawahi kuiuliza sana. Mtu akiunguliwa na nyumba au akipasukiwa na bomba, huileta habari yake kwenye kampuni yetu ya bima alipwe, na mimi ndiye ninayeisoma kwanza. Kazi yangu ni kutafuta pale anapodanganya. Nimeona watu wakimwagia zulia chai wakasema ni maji ya paa. Nimeona risiti za televisheni zilizoandikwa kwa kalamu ileile na mkono uleule, maduka matatu tofauti. Ukifanya hivyo kila siku unaanza kuamini kwamba wewe huwezi kudanganywa. Niliamini hivyo. Nilikuwa hata najivunia, mbele ya mamako, mbele ya watu wa kanisa.

Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Juni, ile baridi ya Joburg inayokauka mpaka midomo inapasuka. Tulirudi kutoka kanisani tukakuta dari ya koridoni imeanguka na maji yanatiririka hadi sebuleni. Tangi la maji moto lililokuwa darini lilikuwa limepasuka. Hapa tunaliita giza, yaani geyser la Kiingereza kama wanavyolitamka wenyeji, na ulipokuwa mdogo zaidi ulidhani ni giza lenyewe, lile la usiku, tumelifungia huko juu. Ulikuwa hupiti koridoni bila kukimbia.

Mamako alisimama kwenye maji na viatu vyake vya Jumapili, akasema, "Afadhali wewe ni mtu wa bima."

Nikasema ndiyo, afadhali.

Mghoi, hatukuwa na bima ya nyumba. Nilikuwa nimeacha kuilipia tangu Februari. Nilijua tunavyokataa madai ya watu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nayakataa, nikaona kulipa kila mwezi ni kuchangia siku ya kukataliwa. Sikuiamini kampuni yangu mwenyewe. Na sikumwambia mamako, kwa kuwa nilijua angeniuliza swali moja tu na nisingekuwa na jibu. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Sasa nilihitaji tangi jipya, nilipie mwenyewe, na kwa namna ambayo mamako asingegundua.

Siku ya pili yake akaja Papa Furaha. Huenda unamkumbuka, yule fundi bomba kutoka Bukavu, mrefu, aliyekuwa na karakana ndogo Doornfontein na aliyekuwa akikaa nyuma yetu kanisani. Alipanda darini akakaa huko muda mrefu. Aliposhuka aliandika orodha kwenye karatasi, akanipa. Jumla ilikuwa randi elfu kumi na moja na mia tano.

Niliisoma kama ninavyosoma madai.

"Hii ni ya nini?"

"Ni valvu ya usalama. Maji ikipata moto sana, inatokea hapo. Tangi haipasuke."

"Na hii?"

"Ni sinia ya chini. Ikivuja, maji inaenda inje. Haiangushe dari tena."

"Na hii ya mwisho?"

"Hiyo ni mikono yangu."

Nikamwambia apunguze. Akafikiri, akasema, "Tangi ni bei ya duka. Mikono naweza kupunguza, Papa Mghoi. Valvu siwezi kutoa."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, kama anakataa kuitoa hiyo valvu, basi ndimo alimoficha faida yake. Mtu mwaminifu, nikajiambia, asingeng'ang'ania kitu kidogo namna ile. Nilimshukuru, nikamwambia nitampigia. Alipofika getini akageuka akasema, "Usichelewe. Mutoto asioge na maji baridi na hii baridi." Hata hilo nililishuku. Nikaona anamtumia mtoto kunisukuma.

Yule wa pili nilimpata kwenye kundi letu la Wakenya kwenye simu. Alijiita Elija. Alikuja na pikapu, tangi likiwa tayari nyuma, kana kwamba alikuwa anatuzungukia tu. Bei yake elfu sita, kila kitu ndani. Nilipomtajia bei ya Papa Furaha alicheka kabla sijamaliza. "Ndugu yangu, hao wakishaona gari lako nje, wanaongeza sifuri. Sisi kwa sisi hatuwezi kufanyiana hivyo."

Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri hasa. Alisema lililokuwa kichwani mwangu, kwa lafudhi ya nyumbani, na mimi ninayemdai mjane risiti ya zulia sikumuuliza yule mtu swali hata moja. Sikumuuliza karatasi za ufundi wala tangi limetoka duka gani. Alipokuwa akiliteremsha nilimsaidia kushika upande mmoja, na rangi nyeupe ikabaki kwenye vidole vyangu. Tangi jipya haliachi rangi. Nilijua hivyo. Nilijifuta kwenye suruali nikaendelea kushika.

Hicho ndicho ninachotaka ukisome mara mbili. Sikudanganywa, Mghoi. Niliona.

Kwa wiki kadhaa maji yalikuwa moto ajabu, mamako akafurahi. "Hili la sasa ni tangi kweli," alisema. Mimi nililala vizuri, nikihesabu nilichookoa. Kisha jioni moja ulikuja sebuleni ukanivuta shati. "Baba, linaongea." Nikakuuliza nini. Ukanionyesha dari. Nilikwenda nikasikiliza, na kweli kulikuwa na sauti, kama sufuria inayokaribia kuchemka yenye kifuniko kizito. Nikakwambia ni jipya, linazoea. Ukatazama dari tena. Hukuniamini, nadhani, ila ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa baba.

Ile Jumamosi ya Agosti mamako alikuwa Braamfontein, kwenye zamu yake ya maktaba ya chuo. Ulikuwa bafuni unaosha raba zako za shule. Nilikuwa sebuleni nasoma gazeti, nikasikia bomba linakohoa, kisha wewe.

Sitaandika sauti ile. Nilipofika bafu lilikuwa limejaa mvuke mpaka nisikuone. Bomba lilikuwa linatema maji na mvuke pamoja. Wewe ulikuwa umepitisha mkono wako wa kushoto kwenye maji yale, ukijaribu kulifunga. Kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini hukukimbia tu. Jibu ninalo, na nimekuwa nikilikwepa. Kila siku nilikuwa nakugombeza kwa kupoteza maji moto. Ulirudi kufunga bomba kwa ajili yangu.

Hospitalini daktari kijana wa kike alikufunga mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni, kisha akanigeukia na kalamu. "Ilikuwaje?"

Nikasema, "Alifungua la moto kabla ya la baridi."

Ulikuwa umekaa pale kitandani. Ulinisikia. Ulikuwa unajua ulichofungua na jinsi ulivyofungua, lakini baba yako amesema, na kwa mdomo wake wa kazini, taratibu, bila kupepesa. Nikaona uso wako ukibadilika, ukianza kukumbuka upya. Ukasema, "Sorry, Baba."

Nikakwambia si neno.

Mamako alipofika alizishika nywele zako akasema siku nyingine uanze na baridi, mwanangu, baridi kwanza. Umefanya hivyo mpaka leo. Hata tulipolala kwenye ile hoteli ya Durban, ulifungua la baridi, ukagusa kwa ncha ya kidole, ndipo ukafungua la moto kidogo kidogo. Darasa la saba ulikataa mashindano ya kuogelea, ukasema hupendi maji. Nikakununulia vazi la kuogelea la mikono mirefu, ukalivaa mara moja. Mara zote hizo nilikuwa nimesimama karibu, nikiujua ukweli.

Alasiri ya siku ileile, ukiwa umelala kwa dawa, nilipanda darini na tochi. Sihitaji kukueleza kiufundi. Tangi la namna ile lina kifaa kinachozima umeme maji yakishafika joto fulani. Hakikuwapo. Nyaya zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja, kwa hiyo lilikuwa linachemsha bila kukoma. Na pale ambapo maji yaliyozidi joto yalipaswa kupata njia ya kutokea, palikuwa pamezibwa kwa bolti. Lingeweza kuondoka na paa na sisi sote. Nilizima umeme, nikakaa kwenye boriti. Nilimpigia Elija. Namba haikupatikana, na kwenye lile kundi la simu hakuwapo tena.

Nikampigia Papa Furaha.

Alikuja Jumatatu na hakuniuliza kwa nini sikumpigia mwezi wa sita. Alikuona na bandeji, akakusalimu, akapanda. Aliposhuka alikuwa ameshika ile bolti. Aliiweka mezani mbele yangu.

"Papa Mghoi, uliona?"

"Niliona."

"Mama anajua?"

"Bado."

Alitikisa kichwa, akaendelea na kazi. Alifanya siku nzima. Fedha za kumlipa nilizitoa kwenye akiba ya nauli ya Krismasi, ile safari ya kwenda Taita tuliyokuwa tumekuahidi. Niliwaambia ndege zimepanda bei, tutakwenda mwaka utakaofuata. Bibi yako, uliyepewa jina lake, alifariki Machi. Nilikwenda kuzika peke yangu. Ukinisikia nikisema tangi lile lilitugharimu, sisemi habari ya randi.

Bado sijafika kwenye aibu kubwa zaidi. Wiki ile, baada ya Papa Furaha kumaliza, nilichukua risiti yake nikaenda nayo kwenye duka la vifaa vya mabomba. Nilitaka kumkamata. Nilitaka nikute ameongeza hata mia mbili, kwa sababu kama naye ni mwizi, basi mafundi wote ni wezi, na kosa langu lingekuwa dogo, bahati mbaya tu iliyompata mtu aliyejaribu. Kijana wa kaunta akanitajia bei ya tangi, ya valvu, ya sinia. Nilijumlisha mara tatu. Ilikuwa ni bei ya duka, senti kwa senti. Mikono yake hakuwa ameiandika kabisa.

Badala ya kufurahi nilizidi kushuku. Mtu hafanyi kazi ya siku nzima bure, nikajiambia, huyu ana anachokitafuta. Niliendesha gari moja kwa moja hadi Doornfontein. Nilimkuta anakula, sahani iko juu ya benchi la kazi kati ya vipande vya bomba. Nikamuuliza kwa nini hakujilipa.

"Siwezi kula makuta ya mahali mutoto ameungua," akasema. Makuta kwao ni fedha. Akanisogezea kiti. Nilipokataa kukaa, akaongeza polepole, "Lakini kuna neno. Wakati niko juu, mutoto alikuja chini ya ngazi. Akaniambia, Uncle, it's okay, next time nitafungua baridi kwanza. Anafikiri ni yeye. Umwambie, papa. Hiyo haiko kazi ya fundi."

Nikasema nitakwambia.

Unajua kilichofuata? Nilibadilisha viti kanisani. Nikaanza kutukalisha upande wa kulia, karibu na mlango, nikasema upande ule kuna hewa. Papa Furaha akitukaribia baada ya ibada, nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba tuna haraka. Nilimshuku kwamba atakwambia. Kila alipoinama kukusalimu nilikuwa natazama midomo yake. Mwanamume yule alinitendea wema mara mbili na mimi nilimchunga kama mwizi kwa miaka mitatu, mpaka alipohamia Durban kwa dada yake. Hakusema neno. Siku ya kuaga alinipa mkono tu, akaushikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Sijamwona tena. Namba niliyo nayo haifanyi kazi.

Kwa hiyo uliposema nadhani kila mtu ni mwizi, hukukosea sana, ila hukujua ninakoitoa hiyo dhana. Ninapompigia simu mama mwenye nyumba, ninapochungulia rafiki zako dirishani, ninapokuuliza mara tatu nani analipa nini, namtafuta mtu mmoja. Namtafuta mtu anayeona rangi kidoleni akajifuta. Najua yupo. Nimeishi naye.

Sijui nikushauri nini hapo. Sitakwambia waamini watu wote, maana Elija naye yuko mahali fulani na pikapu yake. Ninachoweza kukwambia ni kilichonipata: aliyenipa bei iliyoniuma alikuwa tayari kujibu kila swali, na aliyenipa bei niliyoipenda sikutaka kumuuliza. Nikikumbuka vizuri, nilipofurahi kupita kiasi ndipo nilipaswa kukaa chini. Pengine kwako itakuwa vingine. Wewe una jicho kali kuliko langu. Ulisikia lile tangi kabla ya mtu yeyote humu ndani.

Jumatatu nilimwambia mamako. Tulikuwa jikoni, anamenya viazi. Nilisema yote, kuanzia bima hadi bolti hadi nauli. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikawa kidogo kama yai. Kisha akasema, "Nilijua kuna kitu. Ile miezi unatoka nje kuongea na simu, na fedha za akiba zinapungua, nilijua. Nilidhani una mwanamke."

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza.

"Niliogopa utanijibu kama unavyowajibu wanaodai bima."

Miaka kumi na moja, Mghoi. Mimi nikimshuku Papa Furaha, yeye akinishuku mimi, na wewe ukijishuku mwenyewe, chini ya paa moja. Hakunisemesha tena hadi Jumatano. Jumatano akasema, "Usimwambie kwa mdomo, utaanza kujitetea. Mwandikie." Nikasema sawa, nitaitia barua kwenye sanduku lake aisome akishafika. Akaniangalia. "Huo nao ni ujanja. Unataka awe mbali."

Alikuwa sahihi. Kwa hiyo sitaitia sandukuni. Nitaiweka juu ya mto wako, uikute leo ukirudi, wakati mimi bado niko humu ndani na una mahali pa kupeleka hasira yako.

Hukukosea. Ulifungua bomba kama mtoto yeyote anavyofungua bomba. Kovu la mkono wako ni kazi yangu, na uongo uliolifunika ni kazi yangu pia. Daktari yule aliandika nilichomwambia, na najua karatasi ile iko mahali fulani na jina lako. Naomba unisamehe. Nikiandika hivyo naona jinsi lilivyo neno jepesi, na sina lingine. Usiharakishe kunijibu kwa kunionea huruma. Ulishaniambia sorry mara moja, na haikuwa yako kuisema.

Kesho tutatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana barabara ya uwanja wa ndege siiamini hata Jumamosi. Mamako amesema atakaa nyuma. Kiti cha mbele ni chako, kama siku zote. Ukiamua kukaa nyuma na mamako, kaa, sitauliza, wala sitawasha redio kufunika ukimya. Nitaendesha taratibu.

Ni mimi, baba yako.